Bunduki Moja, Miaka Minne: Jinsi ya Kusoma Umri wa Lee-Enfield

Kwenye makumbusho mengi bunduki ya Lee-Enfield huwekewa kibao chenye mstari mmoja: nchi, aina, mwaka. Mwaka huo huwa umenakiliwa kutoka shingoni, yaani kwenye pete ya chuma ambamo kitako cha mbao huchomekwa, na mhuri wenyewe ni halali kabisa. Ila mtutu wa bunduki hiyohiyo unaweza kuwa na mhuri wa miaka ishirini na mitano baadaye, mbao zake zikawa za kiwanda kingine, na upande wa kushoto pakawa na herufi tatu, F.T.R., zinazosema kwamba ilirudishwa kiwandani, ikavuliwa vipande vyote na kujengwa upya.

Kwa hiyo swali la "ilitengenezwa lini?" halijibiki kwa mwaka mmoja. Kuna mwaka wa mwili, mwaka wa mtutu, mwaka wa mbao, mwaka wa ukarabati, na pengine mwaka wa kuuzwa kwa raia. Ni kama daladala yenye chesisi ya 1998, injini ya 2009 na bodi iliyochomelewa juzi. Kadi ya usajili itakuonyesha mwaka mmoja tu. Kanuni inayosaidia ni hii: bunduki kama ilivyo mbele yako leo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kipande chake kichanga kabisa. Ukiishika kanuni hiyo, ubishi mwingi wa wakusanyaji unakwisha kabla haujaanza.

Kwa nini zilifumuliwa mara nyingi

Lee-Enfield ilipitishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1895. Bolti (komeo linalofunga risasi mtutuni) na magazini yake vilitokana na kazi ya James Paris Lee, mzaliwa wa Hawick huko Scotland aliyekulia Kanada. Jina la pili ni la kiwanda cha serikali kilichokuwa Enfield, kaskazini mwa London, ambako mifereji ya ndani ya mtutu ilibuniwa upya. Bunduki iliyotangulia, Lee-Metford ya 1888, ilikuwa na mifereji ya kina kifupi iliyofaa baruti nyeusi ya moshi mwingi. Ilipokuja baruti mpya ya kordaiti, ambayo huwaka kwa joto kali, mifereji ile ikaliwa haraka mno. Enfield wakachimba mifereji yenye kina zaidi, nayo ikastahimili.

Hata hivyo mtutu uliendelea kuwa kipande kinacholiwa. Risasi zikishapita kwa maelfu, shabaha inapotea na mtutu unabadilishwa. Mbao nazo hupasuka, huvimba kwa unyevu, huvunjika askari anapoanguka nayo. Mwili wa chuma, ule unaobeba bolti na magazini, ndio unaobaki. Mafundi huuita risiva, na kwa Lee-Enfield ile pete ya shingoni ni sehemu ya risiva hiyohiyo. Sasa zingatia kwamba familia hii ya bunduki ilibaki silaha kuu ya askari wa miguu wa Uingereza mpaka ilipoanza kupokewa na bunduki ya SLR mwaka 1957. Miaka sitini na ushei, vita kuu mbili, na hazina ambayo haikupenda kutupa chuma kizima. Bunduki isiyowahi kuguswa tangu siku ilipotoka kiwandani ndiyo ya kushangaza. Iliyobadilishwa ni ya kawaida.

Majina kwanza, maana yanakula watu

Kabla ya kusoma mihuri lazima ujue majina, kwa sababu jina lenyewe ni tarehe. Lee-Enfield ya kwanza ilikuwa ndefu, mtutu wake ukikaribia sentimita 77. Baada ya vita vya Makaburu jeshi likaamua kuwa na bunduki moja fupi kwa askari wa miguu na wa farasi, yenye mtutu wa sentimita 64. Hiyo ndiyo SMLE, yaani Short Magazine Lee-Enfield. Toleo lake mashuhuri, Mk III, lilianza mwaka 1907. Januari 1916, vita vikiwa vimekaba koo na viwanda haviwezi kutosheleza mahitaji, likaja toleo lililorahisishwa, Mk III lenye nyota mbele yake: Mk III*. Nyota hiyo si pambo. Ina maana kwamba vitu fulani viliachwa.

Mwaka 1926 jeshi likabadili mfumo wa majina. SMLE ikawa "Rifle No. 1". Bunduki ya Pattern 1914, iliyotengenezwa Marekani na viwanda vya Winchester, Remington na Eddystone, ikawa "No. 3". Mrithi wa SMLE akapewa "No. 4", akapitishwa rasmi 1939 na kuanza kutoka kwa wingi mwaka 1941. Nchini Kenya bunduki hiyo watu wameizoea kwa jina la "Mark Four", lakini nne ile ni namba ya bunduki, na "Mk" inakuja baadaye: No. 4 Mk I, No. 4 Mk I*, No. 4 Mk 2. Namba inakuambia ni bunduki gani. Mk inakuambia ni toleo gani. Nyota ni badiliko dogo ndani ya toleo. Angalia pia namna tarakimu zilivyoandikwa. Waingereza walitumia tarakimu za Kirumi mpaka katikati ya miaka ya 1940, kisha wakahamia 1, 2, 3 za kawaida. Maandishi ya "Mk 1/2" kwenye bunduki iliyozaliwa 1943 yanajitangaza yenyewe kwamba ni kazi ya baadaye.

Pete ya shingo

Kwenye SMLE, simama upande wa kulia wa shingo na usome kuanzia juu kushuka chini. Kwanza taji. Chini yake herufi za mtawala: V.R. ni Malkia Victoria, aliyefariki 1901; E.R. ni Edward wa Saba, mpaka 1910, G.R. ni George wa Tano na baadaye George wa Sita, kwa hiyo inachukua kipindi kirefu na haikusaidii sana. Kisha jina la kiwanda: ENFIELD, au B.S.A. Co ya Birmingham, au L.S.A. Co ya London, au LITHGOW ya Australia, ambacho kilianza kutoa bunduki mwaka 1913, au ISHAPORE ya India. Ukikuta SPARKBROOK, jua ni ya zamani, kwani kiwanda hicho cha serikali kiliuzwa kwa BSA mwaka 1906. Kisha mwaka. Kisha ShtLE na toleo lake.

Bunduki isiyo na taji wala herufi za mtawala si lazima iwe bandia. BSA na LSA waliuza pia kwa raia, wapiga shabaha na serikali za nje, na hizo hazikupigwa taji.

Zunguka sasa upande wa kushoto wa shingo ileile, maana hapa ndipo wengi hawaangalii. SMLE ilipoingia, jeshi halikuzitupa zile ndefu. Maelfu ya Lee-Metford na Lee-Enfield ndefu zilifupishwa au kuwekewa njia ya kujazia risasi kwa klipu. Fundi hakufuta maandishi ya zamani ya kulia. Alipiga mapya upande wa kushoto: mtawala mpya, kiwanda kilichofanya kazi, mwaka wa kazi, na neno fupi ConD likimaanisha kwamba imegeuzwa. Ndiyo maana unaweza kukuta shingo moja ina Victoria upande huu na Edward upande wa pili. Mwenye haraka atasoma 1896 na kuondoka na jibu nusu.

Namba yenyewe ya bunduki, ile ambayo polisi na wakusanyaji huiulizia kwanza, kwa tarehe ina faida ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mfululizo wa SMLE mara nyingi ulikwenda mpaka 9999 kisha ukaongezewa herufi na kuanza tena, na kila kiwanda kilikuwa na mfululizo wake. Namba 4521 pasipo herufi yake na pasipo kiwanda chake haikuambii chochote. Faida yake kubwa ni nyingine: ilipigwa kwenye risiva, kwenye mtutu, kwenye bolti, na kwenye SMLE hata kwenye kilengeo cha nyuma na kofia ya chuma ya mbele. Namba hizo zikilingana, vipande hivyo vimeishi pamoja tangu mwanzo, au viliwekwa pamoja na fundi wa jeshi aliyezipiga upya. Kutofautisha mambo hayo mawili, tazama kama kuna namba ya zamani iliyokatwa kwa mstari. Fundi wa jeshi hakuona haya kuikata ya zamani hadharani. Mwuzaji anayetaka kukuongezea bei ndiye anayeisugua mpaka chuma kinabonyea.

Mtutu unavyobishana na shingo

Pale mtutu unapoingia kwenye risiva kuna sehemu nene yenye ubapa. Kwenye SMLE, hapo ubavuni hupigwa tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano '17, pamoja na alama za wakaguzi. Ili kuiona vizuri huenda ukalazimika kuinua mbao ya juu, jambo la kufanywa na mwenye kibali na ujuzi, bunduki ikiwa tupu.

Kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. Mtutu na shingo vikiwa na mwaka mmoja, huenda ni ndugu wa tangu kiwandani. Mtutu ukitangulia shingo kwa mwaka mmoja, usishtuke: viwanda vilikuwa na mitutu iliyomalizika ikisubiri kwenye rafu, hasa Desemba inapogeuka Januari. Mtutu ukiwa mchanga kuliko shingo kwa miaka kadhaa, basi umebadilishwa, na hapo umepata tarehe ya kwanza ya ukarabati hata kama hakuna mhuri wowote wa ukarabati popote pengine. Mtutu mzee kuliko shingo kwa miaka kumi unanipa mashaka. Silaha za jeshi mara chache hurudi nyuma hivyo; mikono ya mtu binafsi hufanya hivyo mara nyingi.

Kwenye mtutu utakuta pia herufi HV. Mwaka 1910 Uingereza ilibadili risasi, kutoka ile nzito ya kichwa butu kwenda Mk VII ya kichwa kilichochongoka, nyepesi na ya kasi zaidi. Vilengeo vya zamani havikufaa tena, kwani risasi mpya haikushuka kama ile ya kwanza. HV inaonyesha kwamba bunduki imerekebishwa kwa risasi hiyo. Ukiikuta kwenye bunduki iliyoandikwa 1908 shingoni, una hakika kwamba iliingia karakana 1910 au baada yake.

Nyota iliyokatwa na vilengeo vilivyopotea

SMLE Mk III ya kabla ya vita ilikuwa na mapambo ya kazi ambayo vita viliyachapa. Kulikuwa na kibati cha kuteleza kilichofunika magazini ili askari apige risasi moja moja huku kumi zikibaki akiba. Kulikuwa na vilengeo vya ubavuni kwa ajili ya kikosi kizima kupiga kwa pamoja umbali wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Kilengeo cha nyuma kiliweza kusogezwa kushoto na kulia kwa ajili ya upepo. Na kwenye kitako kulikuwa na kisahani cha shaba kilichoandikwa kikosi chenye bunduki hiyo.

Kwenye mahandaki ya Ufaransa nani angepiga adui aliye kilomita moja na nusu? Mk III* ikaviacha vyote hivyo. Zilizokuwa navyo zikavuliwa kila zilipopita kwa fundi. Kwa hiyo Mk III ya 1911 isiyo na vilengeo vya ubavuni, yenye ufa uliozibwa kwa mbao mpya pale bamba lake lilipokuwa, ina ukarabati wa wakati wa vita au baada yake, pasipo mhuri hata mmoja. Mara nyingine mambo yalikwenda kinyume. Vita vilipokwisha baadhi ya bunduki za nyota zilirudishiwa kibati cha magazini, na fundi akapiga mstari juu ya nyota kuifuta. Nyota iliyokatwa ni alama ya amani: bunduki ilirudishwa hadhi ya Mk III wakati kulikuwa na muda na fedha za kufanya hivyo.

Kisahani cha shaba kinastahili subira. Wakati mwingine kina tarehe ya kukabidhiwa kwa kikosi, mwezi na mwaka, na hiyo ni tarehe ya aina nyingine tena, kwani si ya kutengenezwa wala ya kukarabatiwa. Lakini visahani hufunguliwa kwa skrubu moja na huuzwa peke yake. Chenye kikosi mashuhuri kwenye kitako kisicholingana nacho kwa rangi wala uchakavu kitazamwe kwa jicho la pembeni.

Usiku mmoja Birmingham

No. 4 ina lugha nyingine ya mihuri, na sababu yake ni mabomu. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikishambulia kiwanda cha BSA cha Small Heath. Wafanyakazi 53 waliuawa na utengenezaji wa mitutu ukasimama. Kuanzia hapo kazi ilitawanywa kwenye majengo mengi. Viwanda vikawa vinapewa alama za siri badala ya majina: herufi ya kwanza ilionyesha eneo, N kaskazini, M katikati ya nchi, S kusini, ikifuatwa na namba. M47C ni kiwanda cha BSA cha Shirley. S51 ni Holland & Holland wa London, mafundi wa bunduki za kuwindia za matajiri, ambao wakati wa vita walipewa kazi ya kuzifunga darubini No. 4 zilizochaguliwa kwa shabaha nzuri, kwa ajili ya wadunguzi.

Hapo kuna mtego unaopendeza. Baadhi ya bunduki za wadunguzi zina mwaka 1931 au 1933 shingoni, miaka kadhaa kabla ya No. 4 kupitishwa. Si kosa. Enfield walitengeneza No. 4 za majaribio miaka hiyo, zikakaa bohari, na vita vilipokuja nyingi kati yake zikafungwa darubini hapohapo Enfield, si kwa Holland & Holland. Mwili ni wa 1931, lakini silaha ya mdunguzi ni ya miaka ya 1940.

Viwanda vikubwa vya No. 4 vilikuwa Fazakerley karibu na Liverpool, Maltby huko Yorkshire, Shirley, Long Branch karibu na Toronto nchini Kanada, na Savage huko Chicopee Falls, Massachusetts. Mwaka hupigwa upande wa kushoto, ama shingoni ama, kwa za Long Branch, kwenye ubavu wa risiva pamoja na jina la kiwanda. Za Savage kwa kawaida hazina mwaka. Zina maneno U.S. PROPERTY, kwa kuwa Marekani iliziazimisha Uingereza kwa mpango wa Lend-Lease, na namba zake zina herufi C katikati kwa ajili ya Chicopee. Hapo mwaka unakisiwa kwa namba, na Savage walitoa No. 4 kati ya 1941 na 1944 tu, kwa hiyo hata ukikosea huendi mbali.

F.T.R. na kazi ya Fazakerley

Sasa tufike kwenye herufi tatu zenyewe. F.T.R. ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya matengenezo kamili ya kiwandani. Ni kitu tofauti na fundi wa kikosi kubadilisha springi au kukaza skrubu. Bunduki ilivuliwa hadi kipande cha mwisho, kila kipande kikapimwa kwa geji, kilichochakaa kikatupwa, mtutu ukabadilishwa ikibidi, chuma kikatiwa rangi upya, mbao mpya zikafungwa, kisha bunduki ikapigwa risasi za majaribio. Ilitoka ikiwa na sifa za bunduki mpya. Kwa mtazamo wangu F.T.R. ni kuzaliwa mara ya pili, na mkusanyaji anayeidharau kwa sababu "si ya asili" anadharau nusu ya historia yake.

Fazakerley waliandika kwa kalamu ya umeme kwenye ubavu wa kushoto wa risiva, mwandiko mwembamba ambao rangi nzito huuficha. Baada ya vita chuma kilipakwa fosfeti kisha rangi nyeusi ya kuoka, ngumu na inayong'aa kidogo. Ukiona rangi hiyo kwenye bunduki ya 1942, huhitaji hata kutafuta mhuri ili ujue kuna ukarabati. Mulika tochi kwa pembeni, maandishi yatajitokeza.

Mara nyingi utakuta pia Mk 1/2 au Mk 1/3. Kwenye No. 4 ya vita kifyatulio kilining'inia kwenye kikinga cha chini, na kikinga hicho hukaa kwenye mbao. Mbao zikivimba au kusinyaa, uzito wa kuvuta kifyatulio nao unabadilika, jambo ambalo askari aliyekaa kwenye mvua analijua kwa kidole chake. Mk 2, iliyoingia rasmi 1949, ilihamisha kifyatulio kikaning'inia kwenye risiva yenyewe. Bunduki za zamani zilizogeuzwa hivyo zikaitwa Mk 1/2 kama zilikuwa Mk I, na Mk 1/3 kama zilikuwa Mk I*. Kwa hiyo No. 4 iliyozaliwa Long Branch 1943, ikaandikwa Mk 1/3, ina maisha mawili: ya Kanada wakati wa vita, na ya Fazakerley baada yake.

Australia walifanya kwa namna yao. Lithgow walipiga mhuri wa F.T.R. na mwaka, mara nyingi na mwezi, kwenye shingo. Mbao zao ni shajara tosha: nyingi zilichongwa na Slazenger, kampuni ileile ya raketi za tenisi, na ndani au chini ya mbao utakuta SLAZ na tarakimu mbili za mwaka. Basi chukua SMLE iliyoandikwa LITHGOW 1922, mtutu '42, mbao za SLAZ 43, na F.T.R. ya 1945. Vipande haviendani, lakini hadithi inaendana. Mwili wa 1922 ulipata mtutu mpya wakati wa vita na Japani, ukarudi kiwandani vita vinapoisha, na mbao za 1943 zilikuwa rafuni zikisubiri. Kila kitu kiko kabla au kwenye mwaka wa mwisho. Kama mbao zingesema 48, tungejua kuna mkono mwingine uliopita baada ya kiwanda.

India wana alama inayoonekana bila miwani: skrubu inayopita katikati ya mbao ya mbele kuizuia isipasuke, kazi ya Ishapore. Baada ya uhuru herufi za mfalme ziliondoka na pakaja RFI (kifupi cha kiwanda cha bunduki cha Ishapore) na simba wa Ashoka. Kosa linalorudiwa kuliko yote hapa ni kuhusu zile zinazopiga risasi ya NATO ya milimita 7.62, aina za 2A na 2A1. Watu huziuza kama bunduki za vita zilizogeuzwa. Zilitengenezwa upya kabisa miaka ya 1960 na kuendelea, kwa chuma imara zaidi, na mwaka wa shingoni ni wa kweli.

Si kila ukarabati ulioandikwa. Pattern 1914 nyingi zilitolewa bohari na kutengenezwa kwa kiwango cha Weedon, ghala kubwa la silaha huko Northamptonshire, vita vya pili vilipokaribia. Unazijua kwa kukosa vilengeo vya ubavuni na kwa vipande vyenye alama za viwanda vitatu tofauti kwenye bunduki moja.

Nani aliimiliki, na lini aliiacha

Mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza. Mshale ndani ya herufi C ni Kanada, ndani ya U ni Afrika Kusini, katikati ya D mbili ni Australia, katikati ya N na Z ni New Zealand. Mishale miwili inayokutana kwa ncha ni hati ya talaka: imeuzwa, si mali ya jeshi tena. Mihuri ya majaribio ya Birmingham au London, yenye shinikizo la tani 18.5, hupigwa bunduki inapoingia soko la raia, kwani za jeshi hazikulazimika kupita huko. Herufi BNP zilianza Birmingham 1954, kwa hiyo zenyewe ni tarehe. Na jina la mwagizaji pamoja na mji wa Marekani huonyesha bunduki iliingia huko baada ya sheria ya silaha ya 1968.

DP ni jambo la usalama kabla ya kuwa la historia. Inaonyesha bunduki ya gwaride, iliyodhoofishwa au kuonekana haifai tena. Isipigwe risasi, haijalishi inang'aa namna gani. Na hata isiyo na DP, F.T.R. ya 1953 haithibitishi chochote kuhusu hali yake leo.

Mahali uongo unapofichuka kwa urahisi ni No. 5, ile fupi ya msituni. Imependwa sana, kwa hiyo No. 4 nyingi zimekatwa mitutu na kufungwa koni ya mbele. Lakini No. 5 zilitengenezwa Fazakerley na Shirley tu, kati ya 1944 na 1947, na za kweli zimechongwa kupunguza uzito kwenye risiva na kwenye unene wa mtutu, sehemu zilizofichwa na mbao. "No. 5" ya Long Branch haipo. Ya 1942 haipo.

Ukiwa na picha tu

Kwetu Afrika Mashariki wengi hawana bunduki mkononi, wana picha: babu aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), amesimama wima studio au kambini. Hapo hakuna mhuri, lakini umbo lina tarehe zake. Tazama mdomo wa bunduki. SMLE ina pua butu, mtutu umefichwa na kofia ya chuma mpaka mwisho. Kwenye No. 4 mtutu hujitokeza vidole viwili vitatu mbele ya mbao, na kilengeo cha nyuma kimehamia karibu na jicho, juu ya risiva, ilhali cha SMLE kiko mbele yake juu ya mtutu. Lee-Enfield ndefu inajulikana kwa urefu wake ikilinganishwa na bega la mtu. No. 5 ina koni mdomoni na mbao fupi.

Kumbuka pia kwamba bunduki hazikufuata bendera daima. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, liliokota bunduki za kisasa za Waingereza za kutosha kuwapa askari wa kombania tatu, mahali pa Mauser za 1871 zilizofuka moshi. Askari wa Kijerumani mwenye bunduki ya Kiingereza si kosa la mpiga picha.

No. 4 kwenye picha inasema 1941 au baadaye, na kwa kweli baadaye zaidi, maana zilichukua muda kusambaa kutoka viwandani. Koni ya No. 5 inasema 1944 kwenda mbele. KAR walipigana Somalia na Abisinia mwaka 1941, na wengine wakaenda Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivuka mto Chindwin Desemba 1944. Askari aliyeshika bunduki yenye koni amepigwa picha katika kipindi hicho cha pili au baada yake, hata kama nyuma ya picha kuna mwandiko unaosema Abisinia.